Muuguzi Aliyewavua Watoto Soksi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuta kiti. Kama una chungu jikoni, punguza moto kabisa, maana leo sitaki mtu aniache katikati aende kukoroga.

Leo tunamkumbuka muuguzi wa wodi ya watoto wenye maradhi ya moyo. Figo zilimsumbua kwa muda mrefu, na wiki iliyopita alitutoka. Hospitali nzima ilimjua kwa jina moja: Vua Soksi. Aliitwa hivyo nyuma yake na mbele yake, naye aliitika. Maana alikuwa akiingia wodini, kabla ya salamu, kabla ya kuuliza mtoto kalalaje, anasema, "Vua soksi."

Akina mama walinuna. Mmoja alimwambia, "Nesi, mwanangu atapata baridi."

"Hiyo baridi ndiyo ninayoitafuta," akajibu, huku mkono wake uko tayari kwenye nyayo za mtoto, mguu huu na mguu huu.

Leo nitawaeleza jina hilo lilitoka wapi. Ni kisa kizito, na familia imeniomba nisikifiche. Mumewe aliniambia hivi: "Mwenyewe aliagiza. Alisema, wakimaliza kunisifia, wamalizie na lile la bibi." Basi nitatii. Hatukukaa hapa kumpaka marehemu rangi.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani. Mdogo wake wa kike anamkumbuka vizuri. "Dada alikuwa na mdomo usio na breki," anasema. "Mteja anakuja kujaribu gauni, analalamika limebana. Dada, mtoto mdogo tu, anamjibu: gauni halijabana, ni wewe umenenepa. Mama akawa anamfungia chumba cha ndani siku za wateja." Alipochaguliwa chuo cha uuguzi, mama yao alishusha pumzi. Alisema mgonjwa angalau harudishi gauni.

Alisoma, akapata stashahada yake, akaajiriwa. Akaolewa na fundi wa kuchomelea mageti, wakapata watoto wawili. Kazini alikuwa mkali na mwepesi. Hakuna kitanda alichokipita bila kukitupia jicho. Hilo tulishike, maana kisa chenyewe kiko hapo, kwenye kitanda kimoja alichokipita.

Sasa mnisikilize taratibu, nieleze jambo la kitaalamu kwa lugha ya nyumbani. Kuna watoto wanazaliwa na tundu moyoni. Wengine wana mshipa karibu na moyo ambao ulipaswa kujifunga baada ya kuzaliwa, nao haukujifunga. Mtoto ananyonya kidogo, anachoka. Anatoka jasho kichwani. Hanenepi. Zamani dawa ilikuwa moja tu, kupasua kifua. Kisha ikaja njia nyingine. Daktari anaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena, pale juu ya paja, anausukuma polepole mpaka moyoni. Ndani ya mrija kuna kizibo kidogo cha waya, kimekunjwa. Kikifika kwenye tundu kinafunguka kama mwavuli, kinaziba. Mrija unatolewa. Kifua hakijaguswa.

Ni njia nzuri. Nasema mapema ili mtu asikurupuke akamkimbiza mwanawe hospitalini. Watoto wengi wanacheza mpira leo kwa sababu ya mrija huo. Lakini mshipa wa mtoto mchanga ni mwembamba kama uzi. Mrija ukishapita, mshipa unaweza kuumia, damu ikaganda, mguu ukakosa damu. Ndiyo maana mtoto akitoka huko, kazi haijaisha. Anaangaliwa pumzi, anaangaliwa kidonda, anaangaliwa mguu. Narudia. Anaangaliwa mguu.

Njia hii ilipokuwa bado changa katika hospitali ile, alikuja mtoto wa kike ambaye hata kukaa hajajua. Alikuja na mama yake na bibi yake mzaa baba. Daktari akawaketisha, akawaambia kwa upole, "Tutamwekea kifungo moyoni."

Bibi akaruka. "Kifungo! Hata kutambaa hajaanza, huyu kakosa nini?"

"Kifungo cha kuzibia tundu, bibi. Kama cha shati."

"Basi si useme kishikizo, daktari! Unanipandisha presha bure."

Chumba kizima kilicheka. Muuguzi wetu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kadi za wagonjwa, alicheka mpaka akafuta macho. Tangu siku hiyo mtoto akaitwa Mfungwa. Wauguzi walimwita hivyo, na bibi yake zaidi ya wote. Hata leo, mtu mzima, akiitwa Mfungwa anageuka.

Kazi ilifanyika asubuhi. Moyo ulizibwa. Nasisitiza, kwa sababu watu hili hulisahau: moyo ulizibwa barabara, na mpaka leo unapiga vizuri. Mtoto akarudishwa wodini. Muuguzi akamshika miguu yote miwili, akaiona ina joto, ina rangi yake, akaridhika.

Mchana mama wa mtoto akaenda kufua, maana nguo za mtoto zilikuwa zimekwisha zote. Bibi akabaki na mjukuu. Wodi ikachafuka. Kitanda cha jirani mtoto anatapika. Mlangoni kitanda cha magurudumu kinaingia na mtoto mwingine anayelia. Muuguzi anakwenda mbio huku na huku. Anapita kwa Mfungwa, haisimamishi miguu yake, anauliza kwa juu juu:

"Bibi, ana joto?"

"Hana," bibi akasema. "Tena wa baridi."

"Vizuri sana, bibi."

Akapita.

Wasikilizaji wapendwa, mmesikia? Hakuna aliyesema uongo hapo. Tukimwambia mtu mtoto ana joto, tunamaanisha homa. Muuguzi alikuwa anaogopa homa. Aliposikia "hana, tena wa baridi", alielewa mtoto wa baridi, mtoto hana homa, mambo safi. Lakini mkono wa bibi ulikuwa chini ya shuka, umeshika mguu. Bibi alikuwa anasema mguu. Mguu wa baridi. Mtoto wa baridi, mguu wa baridi, lugha yetu inatumia "wa" hiyo hiyo. Katika "wa" hiyo moja, mguu ukapotea.

Bibi alisikia "vizuri sana", lakini mkono wake haukukubali. Akafungua mkoba. Alikuwa na soksi nyekundu za sufu alizozinunua kwa ajili ya safari ya kurudi nyumbani. Akamvalisha mjukuu. Ndivyo bibi yeyote angefanya. Mguu wa baridi unavalishwa soksi, hilo halihitaji chuo.

Jioni daktari akapita. Akazivua soksi. Unyayo mmoja ulikuwa wa waridi. Wa pili ulikuwa mweupe kama mshumaa. Akatafuta mapigo kwenye mguu ule, hakuyapata. Hapo ndipo watu walipokimbia. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda zikaletwa, zikatundikwa. Mguu ukaokolewa. Lakini damu ilikuwa imechelewa, na mguu uliocheleweshewa damu utotoni hukua nyuma ya mwenzake.

Daktari aliuliza swali moja. "Nani kamvalisha soksi?"

"Mimi," bibi akasema. "Ulikuwa wa baridi. Na nesi nilimwambia."

Wote wakamgeukia muuguzi. Naye akasema alichokumbuka. "Uliniambia hana joto, bibi."

"Nikakwambia na..."

"Mama, basi!" Ni mama wa mtoto huyo, amesimama na ndoo ya nguo mkononi. "Mguu umeuficha, sasa unataka kumsingizia na nesi?"

Bibi akanyamaza. Daktari akasema soksi zimewaficha mguu, na kweli ziliwaficha. Kesi ikaishia hapo. Mwenye hatia alikuwa amepatikana.

Muuguzi alirudi nyumbani akiamini amesema kweli. Mumewe ndiye aliyenisimulia kilichofuata. Walikuwa mezani, watoto wanagombania sukari, yeye akaonja chai akalalamika. "Chai gani hii? Haina moto, tena ya baridi."

"Nikaona mke wangu kasimama na chupa ya chai, hamimini, haiweki chini," anasema. "Nikadhani nimemuudhi. Nikasema, basi jamani, nainywa hivi hivi! Akakaa. Akaniambia, alisema. Nikamuuliza, nani kasema nini? Akaniambia, yule bibi. Alisema, tena wa baridi."

"Ukamwambia nini?" nilimuuliza.

"Nikamwambia, kesho kaseme. Akajibu, nitasema."

Kesho yake akaenda. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yote. Kwenye korido ya wodi akamkuta bibi kwenye benchi, peke yake, mkoba mapajani. Mkwe wake alikuwa amemkataza kumshika mtoto.

"Nesi," bibi akamwita, kwa sauti ya chini. "Mwanangu, amelalaje?"

Ilibidi amuulize muuguzi, kwa kuwa ndani hakuna aliyekuwa akimjibu.

"Amelala vizuri, bibi," muuguzi akasema.

Mdomo ule usio na breki, siku hiyo ukapiga breki. Aliogopa kazi yake. Aliogopa daktari. Aliogopa yule mama na ndoo yake. Akaingia wodini, akaenda kitanda cha kwanza, akamwambia mzazi aliyekuwa pale, "Vua soksi." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Tangu hapo hakuna soksi iliyobaki mguuni katika wodi ile. Wanafunzi aliwafundisha wasiulize "ana joto?" Aliwaambia, usiulize kwa mdomo, uliza kwa mkono. Shika mguu huu, shika na huu, linganisha. Na mzazi akikwambia "wa baridi", simama, muulize ni nini hicho cha baridi. Muuguzi mmoja aliyefundishwa naye anasema kuna watoto wawili, alioshuhudia mwenyewe, ambao miguu yao ilipoa na ikagunduliwa mapema. Leo wanakimbia. Hilo tumpe. Ni haki yake.

Lakini kuna neno moja alilodaiwa, nalo hakulisema.

Mfungwa alikuwa akirudishwa kliniki kila mwaka kupimwa moyo na kupimwa mguu. Moyo ulipimwa na mashine. Mguu alipima muuguzi wetu, amepiga magoti, kwa futi ya kitambaa iliyokuwa ya mama yake, fundi. Mtoto alikuwa mcheshi. Alimwambia, "Nesi, huu mguu wa leo, na huu wa jana." Maana mmoja ulikuwa unafuata nyuma.

Na mama yake, kwenye benchi, akiwaeleza wenzake: "Moyo waliutengeneza vizuri, nawashukuru. Mguu kauharibu mama mkwe wangu na soksi zake. Halafu akataka kumtupia nesi. Nesi, si ulikuwepo? Waambie."

"Nilikuwepo," muuguzi akasema, akaendelea kupima.

Mwaka uliofuata, maneno yale yale. Akirudi nyumbani mumewe anamuuliza, "Umesema?" Anajibu, "Mwakani."

Huko mtaani kwao, mama alikuwa amehama nyumba ya mkwe wake, wakapanga nyuma ya duka, barabara ile ile. Mfungwa akienda shule anapita dirishani kwa bibi yake. Yeye mwenyewe kanisimulia: "Bibi ananiona anapaza sauti, Mfungwa, umetoka lini? Na mimi namjibu, bado natumikia, bibi! Hapo mama ananivuta mkono. Sikujua kwa nini. Nilidhani ni mchezo wa watu wote watatu."

Mume wa yule mama, ambaye ni mwana wa bibi, alijaribu kupatanisha. Akaambiwa achague. Mnajua mambo hayo yanavyokwenda.

Mwaka mmoja, kliniki, mama akasema kwa kupitisha, "Bibi yake kaanguka, kalala, hata uji hanywi." Muuguzi akaacha kupima. Akauliza nyumba iko wapi. Akaelekezwa.

Jioni akamwambia mumewe, "Jumamosi nakwenda." Jumamosi ikafika, mwenzake akamwomba wabadilishane zamu. "Alikubali haraka," mumewe anasema, "kama mtu aliyepewa likizo." Akasema atakwenda Jumamosi inayofuata.

Alikwenda. Mbele ya nyumba ya bibi alikuta viti vya plastiki vinapakiwa kwenye mkokoteni. Turubai linakunjwa. Bibi alikuwa amezikwa.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Hapa mjukuu alikuwepo kweli, amekaa kizingitini na kiatu chake chenye soli nene upande mmoja, anahesabu nyufa za sakafu. Alimwona nesi wake akafurahi. Muuguzi akampita, akaenda nyuma, kwenye bomba, ambako mama wa mtoto alikuwa anasugua masufuria ya msiba. Akamwambia yote, amesimama, bila kuketi.

Mama hakuacha kusugua. "Umesema alisema nini?"

"Alisema, tena wa baridi. Nikadhani anasema mtoto. Alikuwa anasema mguu."

"Na hilo umelijua tangu lini?"

"Tangu jioni ile."

"Jioni ile." Mama akafunga bomba. "Ungekuja Jumamosi iliyopita, ningempigia magoti. Leo nikampigie nani, udongo?"

Muuguzi akatoka kwa njia aliyojia.

Nilikwenda kumwona mama huyo. Ni mtu mzima sasa, anauza vitambaa, hana maneno mengi. Nilimuuliza kama alimsamehe muuguzi. Akaniambia, "Mtangazaji, usinifanye malaika kwenye redio yako. Nilikaa miaka sitaki kumwona. Nilibadilisha hadi siku ya kliniki. Lakini kila nikitaka kumchukia, najikuta nipo mimi na ndoo yangu, namwambia mama wa watu, basi. Yeye alinyamaza. Mimi nilimnyamazisha mwenye kusema. Nani zaidi?"

Ngoja ninywe maji kidogo.

Mfungwa alikua. Leo ni fundi wa simu, ana kibanda chake, ameandika mlangoni "Zikizimia Zilete Hapa". Anatembea kwa kuyumba kidogo, na anasema kuyumba huko kunamsaidia, wateja hawamsahau. Mama yake alimweleza habari yote alipokuwa mkubwa. Naye aliposikia mwezi uliopita kwamba Vua Soksi amelazwa, figo zimechoka, hakuna tena njia, akafunga kibanda mchana kweupe. Alipoaga nyumbani, mama yake akaingia chumbani, akatoka na kifurushi.

"Mpelekee," akamwambia. "Mwambie avae."

Zilikuwa soksi za sufu. Mpya, nyekundu.

Mumewe alikuwepo kando ya kitanda, yeye na mdogo wa marehemu. Walisimulia wote wawili, mmoja akimdakia mwenzake. Mfungwa aliingia, akasalimia, akakaa miguuni pa mgonjwa. Kabla ya lolote akafunua shuka, akashika unyayo mmoja, kisha wa pili. Akalinganisha.

"Yote miwili ya baridi, nesi," akasema.

"Umesema vizuri," muuguzi akamjibu, kwa sauti iliyokwisha. "Umesema yote miwili."

Ndipo Mfungwa akatoa soksi. "Mama kasema uvae."

Muuguzi akaona aibu akatafuta mzaha. "Kwenye wodi yangu soksi hazivaliwi."

"Leo siyo wodi yako," Mfungwa akamwambia. "Leo mgonjwa ni wewe, na mwenye zamu ni mimi. Lete mguu."

Akamvalisha, mmoja mmoja, taratibu. Muuguzi akauliza, "Bibi yako angesema nini?"

"Angekuuliza umetoka lini."

Mdogo wake anasema dada yake alilia hapo, mara ya kwanza tangu walipomzika mama yao. Mumewe anasema hakuzivua tena. Asubuhi aliyofariki alikuwa bado kazivaa, na yeye ndiye aliyezivua, akazikunja, akamrudishia Mfungwa. Ziko kibandani, juu ya rafu ya chaja.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa mume wa marehemu, kwa watoto wake wawili, kwa mdogo wake, na kwa wauguzi wote wa wodi ile ya watoto. Tunatoa pole pia kwa nyumba ya Mfungwa. Kwao msiba wa bibi haujawahi kuisha, na huu umeufunua upya. Mungu awapumzishe wote wawili, bibi na muuguzi, na kama huko kuna benchi moja, basi wakae pamoja wamalize ile sentensi.

Kwenu mlio hai nina mambo mawili, niyaseme nizime kipaza sauti. Kama mtoto wako ametibiwa moyo kwa mrija, mshike miguu yote miwili, na ukiona mmoja umepoa, usiseme "wa baridi" ukanyamaza. Sema mguu. Sema ni upi. Ukijibiwa "vizuri", sema tena, kwa sauti, mpaka mtu asimame.

Na kama kuna mtu anabeba lawama yako, na wewe unajua, mlango wake unaujua. Ondoka sasa hivi, hata redio iache inaongea peke yake. Usingoje Jumamosi.